Modesty, Rit na Minty: kufuata ukoo wa Harriet Tubman

Jumapili jioni, Silver Spring

Mizigo imeshaingia garini: chupa ya chai, daftari, buti za mpira, na kikapu cha maandazi ambacho mke wangu kamkabidhi kaka yake, si mimi. Shemeji ndiye dereva. Kazi yake ni malori ya masafa marefu, Marekani nzima anaijua kwa namba za barabara, na likizo yake ya mwisho wa Machi ameitoa kwa safari anayoiita "kumtafutia marehemu ndugu zake".

Marehemu mwenyewe ni Harriet Tubman. Watoto wetu wanamsoma shuleni hapa Maryland: mtumwa aliyetoroka mwaka 1849, kisha akarudi mara kama 13 kuwatoa wengine wapatao 70. (Ile hesabu ya watu 300 bado inatembea midomoni, lakini wanahistoria wameshaiweka pembeni.) Watoto hawaambiwi sana kwamba wengi katika hao walikuwa kaka zake, wazazi wake, wapwa na wake wa ndugu zake. Ni ukoo uliohamishwa vipande vipande, usiku kwa usiku. Nataka kuona ukoo huo uliandikwa wapi, na ni nani aliyeuandika.

Jumatatu, Annapolis

Hifadhi ya nyaraka ya jimbo iko kando ya barabara kubwa ya kuingilia mjini. Ukifika unajiandikisha, begi linabaki nje, unaingia na penseli na karatasi.

Anayeanza kazi hii hukimbilia sensa, na sensa humtupa. Mwaka 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa chini ya jina la mwenye mali: umri, jinsia, rangi, basi. Majina yao hayamo. Wengi wao wanaonekana kwa majina kwa mara ya kwanza katika sensa ya 1870. Kwa hiyo ukitaka kumpata mtumwa unamfuata bwana wake: wosia wake, madeni yake, ugomvi wake na ndugu zake.

Anayejulikana wa juu kabisa katika ukoo huu ni bibi mzaa mama, Modesty, aliyeletwa kwa meli ya watumwa akawa mali ya mkulima mmoja wa wilaya ya Dorchester, Atthow Pattison. Shemeji akaninong'oneza, "Shemeji, haiwezi kuwa Kilwa kweli?" Nikamwambia meli zilizokuja ghuba hii ya Chesapeake karibu zote zilipakia pwani ya magharibi ya Afrika. Masimulizi ya baadaye yanamtaja kuwa Muashanti, ila hakuna karatasi inayothibitisha. Shemeji akakubali shingo upande.

Modesty alimzaa Harriet Green, aliyeitwa Rit. Rit tunampata katika wosia wa Pattison wa mwaka 1791, na hapo ndipo penseli yangu ilipopata kazi. Mzee anampa mjukuu wake, Mary Pattison, msichana aitwaye Rittia pamoja na uzao wake, mpaka yeye na hao watakaozaliwa wafikishe miaka 45. Umri huo haukuchaguliwa kwa huruma. Miaka michache baadaye, mwaka 1796, sheria ya Maryland iliweka mpaka huohuo: aliyevuka 45 haruhusiwi kuachwa huru, jamii isije ikabebeshwa wazee waliochoka.

Mary akaolewa na Joseph Brodess mwaka 1800, akamzaa Edward, akafiwa na mume. Akaolewa tena mwaka 1803 na mjane mwenye mashamba makubwa ya mbao, Anthony Thompson. Thompson alikuwa na mtumwa fundi wa misitu, Ben Ross. Ndoa ya mabwana ndiyo iliyomkutanisha Rit na Ben, na yapata mwaka 1808 nao wakawa mume na mke. Walizaa watoto tisa: Linah, Mariah Ritty, Soph, Robert, Minty, Ben, Rachel, Henry na Moses. Watoto walifuata umiliki wa mama, kwa hiyo wote tisa walikuwa mali ya kijana Edward Brodess, ilhali baba yao alikuwa mali ya baba wa kambo wa Edward. Shemeji alichora mti wa koo zote mbili kwenye karatasi moja, weupe juu na weusi chini, akasema katika maisha yake ameshuhudia vikao vya mirathi vingi lakini hiki ni kiboko.

Na kweli ni mirathi iliyoacha alama. Edward alipofikia utu uzima aligombana na baba yake wa kambo hadi mahakama ya rufaa. Thompson akamwaga hesabu zote za ulezi mezani, na katikati ya gharama hizo kuna mstari mmoja: dola 2, Machi 1822, kwa mkunga aliyemhudumia Rit. Mtoto wa siku hizo ni Araminta, Minty, ambaye baadaye alijiita Harriet. Cheti chake cha kuzaliwa ndicho hicho, dai la mzungu mmoja kwa mwenzake.

Kesi ya pili ilikuja baada ya Edward kufa, Machi 1849. Mjane wake, Eliza, alitaka kuuza watumwa ili alipe madeni. Warithi wa Pattison wakasimama: wosia ulimpa Mary haki mpaka miaka 45 tu, kwa hiyo miaka inayobaki ni mali yetu sisi. Katika mabishano yote hayo hakuna aliyesema kwamba baada ya 45 Rit na wanawe walipaswa kuwa huru. Lakini kwa kuwa walibishania nani ni mtoto wa nani na ana umri gani, mashahidi waliitwa wakayasema yote, na karani akaandika.

"Yaani hawa wangekuwa ndugu wanaopendana," shemeji akasema tukitoka nje, "sisi leo tusingejua Rit alizaa wangapi."

Jumanne, Cambridge

Daraja la Chesapeake ni refu, kama kilomita saba, na shemeji alilivuka akiimba. Mimi niliangalia miguuni. Upande wa pili nchi imelala tambarare, mashamba ya mahindi na mabanda marefu ya kuku, mpaka unafika mto Choptank na mji wa Cambridge.

Jengo la mahakama lililopo High Street ni la mwaka 1854. Lile la kabla yake liliungua mwaka 1852 na karatasi nyingi za wilaya zikaenda nalo, ndiyo maana majalada ya Annapolis yana uzito huu. Mbele ya jengo lile la zamani, Desemba 1850, alipandishwa mnadani Kessiah, binti wa Linah, pamoja na wanawe wawili. Linah mwenyewe alikuwa ameshauzwa kusini zamani, akamwacha mwanawe huyu. Wanunuzi wakataja bei, bei ikapanda, mmoja akashinda, dalali akaenda kula. Aliporudi kudai malipo hakumwona mtu. Mshindi alikuwa John Bowley, mume wa Kessiah, mtu huru na fundi wa mashua, hana senti ya kulipa. Mpaka mnada unaanza upya, mke na watoto walikuwa wameshafichwa katika nyumba ya karibu. Usiku Bowley akawapakia kwenye mashua akapandisha ghuba hadi Baltimore, na huko Harriet akawapokea. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya kurudi, na aliyetolewa alikuwa mtoto wa dada yake aliyeuzwa.

Race Street kuna picha ya ukutani ya mwaka 2019, Harriet amenyosha mkono kama anatoka ukutani, na watu wanapiga foleni kumshika. Shemeji naye alishika. Nilimpiga picha, akaagiza isipelekwe kwa dada yake. Nimeshaituma.

Jumatano, Peter's Neck na Bucktown

Buti zimefanya kazi yake leo. Kusini mwa Cambridge ardhi na maji havijaamua mpaka wao uko wapi. Misonobari imesimama kwenye maji ya chumvi ikifa taratibu. Hifadhi ya Blackwater imepoteza zaidi ya ekari 5,000 za kinamasi tangu miaka ya 1930. Tai wa kichwa cheupe walikuwa wengi mpaka tukaacha kuwaonyeshana.

Harriet alizaliwa katika mashamba ya Thompson huko Peter's Neck. Tulifuata barabara ya Harrisville mpaka ikawa ya kokoto, kisha matope, tukasimama. Mbele yetu ni pori na maji. Thompson alipofariki mwaka 1836 aliacha agizo kwamba Ben Ross aachwe huru miaka michache baadaye, na apewe ekari 10 za kutumia maisha yake yote. Ben akawa huru mwaka 1840. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua ekari hizo zilikuwa wapi hasa, mpaka serikali ilipoinunua ardhi hii mwaka 2020 na wachimbuzi wakaingia na majembe. Aprili 2021 walitangaza: wamepata vipande vya vyombo, misumari, kifungo cha nguo, na sarafu ya mwaka 1808, mwaka uleule tunaokadiria Ben na Rit walioana. Sitaki kuifanya sarafu iseme zaidi ya inavyosema. Ila shemeji, ambaye haamini mambo ya bahati, aliniomba nirudie huo mwaka.

Familia haikukaa pamoja hapo. Edward alijenga shamba lake Bucktown, kilomita kama 16 mashariki, akamchukua Rit na watoto. Minty alianza kukodishwa kwa wengine akiwa na miaka kama sita. Bwana mmoja alimtuma kukagua mitego ya panya wa majini, ndani ya maji baridi hadi kiunoni, naye akiwa na surua. Ukiutazama ule mto wenye rangi ya chai nzito unaelewa kwa nini alirudishwa kwa mama yake akiwa hoi.

Duka la Bucktown bado lipo kwenye njia panda. Hapa nyapara alimrushia kijana mtoro jiwe la mizani la ratili mbili likampata Minty kichwani. Maisha yake yote baadaye alikuwa akishikwa na usingizi wa ghafla katikati ya mazungumzo. Kila mgeni huja kwa ajili ya kisa hicho. Mimi nilikuja kwa ajili ya kisa cha Rit.

Brodess alikuwa ameshawauza Mariah Ritty, kwa mtu wa Mississippi mwaka 1825, na Linah na Soph nao. Kisha akaja mfanyabiashara wa Georgia anamtaka Moses, kitinda mimba. Rit akamficha mtoto porini karibu mwezi mzima, majirani wakisaidia kumlisha. Brodess alipokwenda na yule mnunuzi hadi mlangoni kwake, Rit alimwambia mtu wa kwanza kuvuka kizingiti atampasua kichwa. Wakageuza. Moses hakuuzwa. Minty alikuwepo, aliona. Wanaotafuta alikojifunza ukaidi huenda mbali bure.

Jioni tulisimama kwenye kanisa dogo la Scott's Chapel. Mzee mmoja aliyekuwa akifyeka makaburini alituuliza tunatoka nchi gani, na tulipomwambia Tanzania akasema kwake hapa wamezikwa wahenga wa vizazi vitano. Akatuonyesha kwa ncha ya fyekeo, mmoja mmoja, bila kusoma jiwe lolote.

Nimemaliza usiku nikisoma tena tangazo ambalo Eliza Brodess alilitoa gazetini Oktoba 1849. Nakala yake ilipatikana mwaka 2003 ndani ya pipa la taka hapahapa Cambridge. Anatafuta watu watatu waliotoroka Jumatatu tarehe 17 Septemba: Minty, miaka kama 27, Harry, yaani Henry, kama 19, Ben, kama 25. Dola 100 kwa kila mmoja atakayekamatwa nje ya jimbo. Minty anaelezwa kuwa mwenye sura nzuri na urefu wa futi kama tano. Kaka zake waliogopa wakarudi. Yeye baadaye akaondoka peke yake.

Alhamisi, Poplar Neck

Tumevuka kuingia wilaya ya Caroline. Hapa Ben Ross alifanya kazi ya mbao kwa mtoto wa Thompson, daktari, aliyenunua ardhi kubwa kwenye kona ya mto Choptank. Leo ni mashamba ya watu, unatazama kutoka barabarani tu.

Mwaka 1855 Ben alimnunua mkewe kutoka kwa Eliza Brodess kwa dola 20. Rit alikuwa na miaka kama 70, ameshapita ule umri wa wosia kwa robo karne. Kumwachia huru sheria haikuruhusu, kwa hiyo mumewe akawa ndiye mwenye mali. Shemeji alikaa kimya, kisha akasema, "Mahari ya uzeeni." Hatukucheka sana.

Mwaka mmoja kabla, Krismasi ya 1854, ndipo palipotokea tukio lililonileta hapa. Harriet alisikia kaka zake watauzwa mara tu sikukuu ikiisha. Akaandikisha barua kwenda kwa Jacob Jackson, mtu mweusi huru aliyejua kusoma, ikitiwa saini ya mwana wa kulea wa Jackson: wasalimie wazee, na waambie kaka zangu wakeshe wakisali, jahazi la Sayuni likipita wawe tayari kupanda. Wakubwa wa posta waliifungua, wakajua huyo kijana hana wazazi wengine wala kaka, wakamwita Jackson aeleze. Jackson akaisoma, akasema haimhusu na wala haielewi, akaondoka zake kwenda kuwaambia.

Robert alichelewa kwa sababu mkewe, Mary, alikuwa anajifungua usiku uleule. Wakajificha kwenye banda la majani ya mahindi karibu na nyumba ya wazazi. Rit alikuwa amepika, anawangoja wanawe waje kula Krismasi, anatoka mlangoni kuchungulia njia. Walimwona kupitia nyufa za mbao. Hawakuthubutu kumwita, kwa hofu kwamba angepiga kelele za furaha au za kilio. Harriet hakuwa amemwona mama yake kwa miaka mitano, akamtazama hivyo hivyo.

Mzee Ben alipewa habari. Akawapelekea chakula mara kadhaa bila kuwatazama, na usiku wa kuondoka akajifunga kitambaa machoni, wakamshika mkono huku na huku, akawasindikiza kipande cha njia. Wawindaji walipokuja kumhoji aliapa kwamba hajamwona hata mmoja wa wanawe. Alikuwa mtu anayesifika kwa kusema kweli, na hata hapo alisema kweli.

Tumekula maandazi ya mwisho kwenye gari.

Ijumaa, Wilmington na Philadelphia

Wilmington tumepita tu. Thomas Garrett, muuza vyuma wa Wakweka, dhehebu la Kikristo, aliandika barua tarehe 29 Desemba 1854 kwamba amempitisha Harriet na wenzake, na kwamba Harriet na mwanamume mmoja walikuwa wamemaliza soli za viatu njiani, akawapa dola mbili. Kutoka Poplar Neck hadi hapa ni zaidi ya kilomita 120. Sisi tulitumia muda wa habari mbili za redio na ugomvi mdogo kuhusu njia.

Philadelphia tulikwenda Locust Street, kwenye jumba la chama cha historia cha Pennsylvania, linalohifadhi daftari la William Still. Still alikuwa karani mweusi wa ofisi iliyopinga utumwa. Agosti 1850 alimpokea mgeni aliyejitaja kama Peter, ametoka Alabama, anatafuta ndugu waliopotezana tangu utotoni. Mgeni akataja majina ya wazazi wake, na Still akagundua kwamba ni wazazi wake yeye pia; aliyekaa mbele yake ni kaka yake. Alianza kuandika habari za kila aliyepita kwa makini: jina la zamani, jina jipya, alikotoka, aliowaacha.

Kwake, mwisho wa Desemba 1854, wana wa Ben Ross waliliacha jina la Ross. Robert akawa John Stewart, Ben akawa James Stewart, Henry akawa Levin Stewart, baadaye William Henry Stewart. Bila mstari huo wa Still, anayewatafuta akina Ross huko Kanada na New York angekesha. Hii ndiyo karatasi ya kwanza katika safari yetu ambayo iliandikwa ili ndugu waonane tena.

Jumamosi, Auburn

Saa tano za barabara, milima, theluji chafu pembezoni. Shemeji amefurahi, hii ni njia yake ya kazi.

Harriet aliwatoa wazazi Maryland mwaka 1857, akawapeleka St. Catharines, Kanada. Baridi iliwashinda. Mwaka 1859 seneta William Seward, huyuhuyu aliyekuja kuinunua Alaska kwa niaba ya Marekani, alimuuzia nyumba na ekari saba hapa kwa dola 1,200, kwa mkopo. Nyumba ya matofali inayoonekana leo South Street ilijengwa baada ya ile ya mbao kuungua. Ben na Rit walifia hapa. Rachel hakufika; alikufa Maryland mwaka 1859, na Harriet alipokwenda mwaka uliofuata kuwachukua watoto wake wawili alihitaji dola 30 ambazo hakuwa nazo.

Makaburi ya Fort Hill yapo juu ya mji. Jiwe lake limeandikwa Harriet Tubman Davis, amezaliwa yapata 1820, amefariki Machi 10, 1913. Davis ni Nelson, mume wa pili, askari, aliyezikwa sehemu nyingine ya makaburi hayohayo. Mwaka 1820 umekosewa. Mkunga alilipwa 1822 na tangazo la Eliza nalo linaelekea hapohapo. Karibu naye kuna kaburi la William Henry Stewart. Mpita njia hawezi kujua kwamba Tubman Davis na Stewart hawa walitoka tumbo moja, la Rit Green, wote wakiitwa Ross.

Kuna mmoja ambaye mti wetu haumkubali vizuri: Margaret Stewart, msichana mdogo ambaye Harriet alimleta kutoka Maryland, akalelewa katika nyumba ya ndugu wa akina Seward. Alitajwa kuwa mpwa. Wengine, wakitazama sura na mapenzi yao, wamesema alikuwa binti yake. Katika kiapo cha pensheni Harriet alikana kuwa na mtoto yeyote, kwa Davis wala kwa Tubman, mume wake wa kwanza. Mimi nimemwandika kwenye mstari wa mkato. Shemeji kaufuta mkato, kachora mstari kamili chini ya Harriet. "Kamchukua, kamleta, kamlea kwa watu wake. Sisi kwetu huyo tungemwitaje?"

Jumapili, barabarani

Mti umejaa isipokuwa sehemu tatu: Linah, Mariah Ritty na Soph. Sensa ya 1870 haitoshi, maana hatujui majina waliyoishia kutumia. Ila kuna daftari za benki iliyofunguliwa kwa ajili ya walioachwa huru, kati ya 1865 na 1874. Aliyeweka fedha aliulizwa alizaliwa wapi, bwana wake alikuwa nani, baba, mama, kaka na dada zake. Mississippi ilikuwa na matawi Natchez na Vicksburg, na picha za kurasa zipo kwenye intaneti.

Tumesimama kituo cha malori, tumeagiza kahawa, tumefungua kompyuta mbili. Tunatafuta mtu yeyote aliyejibu Maryland, mama Rit, baba Ben. Shemeji kachukua Vicksburg, mimi Natchez.